Trei ya Imetumwa

(Hotuba ya Kaimu Mkurugenzi wa Uratibu na Utumaji wa Nyaraka, aliyoitoa katika ukumbi wa mikutano wa ofisi yetu. Nimeinakili mimi, katibu muhtasari wake, neno kwa neno kama alivyoniagiza. Yaliyo ndani ya mabano hakuniagiza. Hafla ilipangwa kuanza saa tatu asubuhi. Yeye alifika saa nane na robo mchana.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye kwa mujibu wa ratiba ni mimi. Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu ni mimi pia. Waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, wakuu wa vitengo vilivyo ndani ya vitengo, na makaimu wao. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, wajumbe wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi, na wajumbe wa Kamati ya Chai. Ndugu wadau, ambao sisi wataalamu tunawaita mastekiholda. Ndugu makarani, mlinzi wetu wa geti, mzee wetu tarishi, na wewe mwalimu mstaafu wa Kiingereza uliyekuja kufuatilia barua yako ukaangukia bahati ya hafla. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na ambao haijawazingatia watazingatiwa katika awamu ya pili. (Makofi ya watu kumi na mmoja. Wengine wapo kwa sababu madirisha yote ya huduma yamefungwa tangu asubuhi ili watumishi tuhudhurie, na wateja wameambiwa huduma itarudi hotuba ikiisha.)

Ndugu wadau, siku ya leo si ya kawaida, na ingekuwa ya kawaida nisingevaa suti hii. Leo tunazindua, tunafungua na tunaukatia utepe Mradi Jumuishi wa Kutuma Nyaraka kwa Kasi, kwa kifupi MJUKUNYAKA, mradi wa kidijitali, endelevu, shirikishi na mtambuka, ambao mtambo wake mnauona hapa kulia kwangu umefunikwa kitambaa chekundu, na nawaomba msiusogelee kwa sababu una joto. (Mtambo hautoi sauti yoyote.) Barua iliyokuwa ikichukua siku tisa kutoka ofisi hii hadi ofisi ya jirani, ambayo mlango wake unatazamana na wetu, sasa itachukua sekunde nne nukta saba, na hiyo ni siku ambayo mtambo umeamka vibaya. (Makofi. Anageuza ukurasa wa pili na kuuinua juu, mbali na uso, kwa kuwa miwani ameisahau nyumbani. Mgongo wa karatasi unatazama ukumbi. Mlinzi wa geti, aliye safu ya kwanza, anainuka nusu, anasoma, anakaa, anamwambia jirani yake: "Ile pale nyuma si likizo yangu?")

Naona safu ya kwanza mmeguswa. Nawashukuru. Sasa mtaniuliza, Mkurugenzi, haya mafanikio yametokana na nini? Yametokana na mimi. Nilipokabidhiwa ofisi hii miaka tisa iliyopita nikiwa kaimu, na bado ni kaimu kwa sababu barua ya kunithibitisha imetumwa na nina imani nayo, nilikuta utaratibu wa kizamani ambao barua ikishasainiwa lazima tarishi aingie ofisini kwangu, asalimie, aichukue, aibebe kwa mkono wake, na aende nayo kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo katika zama hizi za sistimu ni aibu. Kwa hiyo miezi minane iliyopita, siku ileile lilipoingia zulia jipya, niliweka trei. Trei ya mbao, pembeni ya meza yangu, nikaiandika kwa kalamu nene: IMETUMWA. Nikisaini barua, naiweka kwenye trei; ikiingia kwenye trei, karani wa masijala anaandika kitabuni kwamba imetumwa; na ikiandikwa kitabuni, takwimu zinapanda siku hiyohiyo, bila mtu kutoka jasho. (Makofi ya makarani.) Sambamba na hilo nilitoa waraka kwamba tarishi asiingie ofisini kwangu mpaka aitwe, kwa ajili ya kulinda zulia. Na mimi, kwa kuheshimu utumishi wake wa muda mrefu, sijamsumbua kwa kumwita hata siku moja. (Mzee tarishi, amekaa nyuma karibu na mlango, kitabu chake cha kupelekea barua magotini. Kwa miezi minane amekuwa akinisaidia kuchemsha maji ya chai.)

Ndugu zangu, ukweli ni kwamba wengi wenu mmekuwa mkituma maisha yenu yote bila kujua mnachokifanya. Ndiyo maana nimefanya utafiti wa kina, kwa maana ya kwamba niliagiza ufanyike, kuhusu neno lenyewe ambalo dunia nzima inalitumia kwenye simu na kompyuta, neno la Kiingereza, send. Mmewahi kujiuliza limetoka wapi? Hamjawahi. Mnabonyeza tu. Wataalamu wa historia ya maneno wanatueleza kwamba send ni neno la kale sana, lenye ndugu zake katika lugha za majirani wa Kiingereza, na kwamba ukilichimba mpaka kwenye mzizi unakuta maana ya kwenda, kushika njia, kusafiri. Kwa hiyo send, kwa asili yake, ni kukifanya kitu kiende. Nisikilizeni hapo. Kiende. Watu wa kale waliolitengeneza neno hili walikuwa na nafasi ya kusema kifike, hawakusema. Walikomea kwenye kwenda. Na ofisi hii, ndugu wadau, haiwezi kujifanya ina akili kuliko watu wa kale. (Mwalimu mstaafu anakuna kichwa.)

Utafiti unaendelea kusema kwamba hapo zamani ujumbe na mtu aliyeubeba ujumbe waliitwa kwa neno moja, lililozaliwa na mzizi huohuo, kana kwamba barua na miguu ya mbebaji ni kitu kimoja. (Mzee tarishi anainua uso.) Hayo yalikuwa makosa ya wakati ule, na tumeyarekebisha. Leo send ina watoto na wajukuu. Ukisema send for, maana yake ni kumwita mtu aje. Ukisema send off, ni kumuaga anayesafiri. Na ukisema send up, hapo mtaona utajiri wa lugha, ni kumpandisha mtu juu, kumuinua, kumpa hadhi yake, na kwa maana hiyo mimi napenda tukio hili la leo liandikwe kwamba wananchi kwa hiari yao wamemsend up Mkurugenzi. (Mwalimu mstaafu, kwa sauti ya darasani: "Mheshimiwa, send up ni kumfanyia mtu mzaha hadharani.") Asante sana, mwalimu, kwa kuliunga mkono, na ndivyo itakavyokuwa.

(Simu inaita safu ya tatu. Mwenye simu ni mama mmoja fundi cherehani, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Anapokea kwa kunong'ona: "Uko wa ngapi? Watu kumi na wanne? Basi usitoke kwenye foleni, mwanangu, hata ukibanwa.")

Naona simu. Sitamkaripia mama huyu, kwa sababu katika fremuwaki yetu ya mawasiliano simu ni fursa. Mama, simama. Wenzako wakuone. Hotuba kubwa huhitaji mfano hai, na mimi nimekuchagua wewe bila kukujua, ili isionekane tumekupanga. Waambie wadau, umekuja kufuata huduma gani, na umeridhika kwa asilimia ngapi. (Mama anasimama kwa kushika kiti cha mbele, mguu mmoja haukunjiki vizuri. "Bosi, mimi sina maneno mengi. Binti yangu amepata nafasi chuo cha uuguzi. Wanataka barua ya kuthibitisha cheti chake cha shule, itoke hapa kwenu. Nimeleta maombi na picha yake mwezi wa nne. Kila nikija naambiwa imetumwa. Nikienda chuo wanasema hawajaiona. Leo saa kumi wanafunga orodha. Yeye yuko kule chuoni kwenye foleni ya dirisha, na mimi niko huku na nyinyi.")

Mmesikia. Karani wa masijala, hebu fungua kitabu, utusomee kwa sauti. (Karani: "Barua ya uthibitisho wa cheti, binti wa fundi cherehani. Imetumwa tarehe kumi na nne, mwezi wa nne.") Imetumwa. Tarehe inajulikana. Mwezi unajulikana. Tupige makofi kwa impakti hii. (Makofi ya karani peke yake. Mama: "Lakini haijafika, bosi.") Mama yangu, tusichanganye mambo. Kutuma ni letu, kufika ni la chuo. Ukimtuma mtoto dukani akachelewa, wewe hujaacha kumtuma. (Mama: "Nikimtuma mtoto akachelewa, natoka kwenda kumtafuta.") (Makofi ya ukumbi mzima, ya kwanza kwa siku hii.)

Makofi hayo nayapokea kwa niaba ya ofisi. (Mama hajakaa. "Mwaka jana alikuwa aende, akaacha kwa sababu nilifanyiwa upasuaji wa mguu huu, akabaki kunifunga vidonda miezi saba. Ndiyo akasema, mama, hii kazi naiweza. Akikosa na leo, sina uso wa kumtazama. Naomba tu mtufungulie dirisha namba tatu waitafute.") Ombi limepokelewa. Litaandikwa, nitalisaini, na nakuhakikishia kwamba leo hii hii litatumwa. Kaa, mama. (Anakaa. Saa ya ukutani inasema saa tisa na dakika tano.)

Sasa tuje kwenye takwimu. (Anasoma takwimu. Barua zilizotumwa kwa asilimia mia moja. Barua zilizotumwa haraka kwa asilimia mia moja na nne. Fidibaki ya wateja, ambao hawakuulizwa, chanya. Kapasiti ya trei. Inamchukua dakika thelathini na mbili. Wakati huo wote karatasi zinapanda na kushuka, na safu ya kwanza inasoma migongo yake: kwenye ukurasa wa tano, barua ya jokofu la chanjo la nesi wa zahanati, aliye safu ya pili, kwenye ukurasa wa sita, barua ya mwalimu mstaafu, anayecheka kimyakimya huku anafuta macho. Watu wa nyuma wanasogeza viti mbele. Mkurugenzi anafurahi.)

Nimehudhuria hafla nyingi, lakini sijapata kuona umati unaosogea mbele wakati wa takwimu. Hii inanipa nguvu ya kuingia ukurasa wa tisa, ambao ndio moyo wa hotuba, kwa sababu unahusu maisha yangu binafsi. (Anauinua ukurasa wa tisa. Nyuma yake kuna picha ndogo imebanwa kwa pini: msichana aliyevaa blauzi nyeupe. Mama fundi anasimama bila kushika kiti. "Hiyo kola nimeishona mimi.") Mama, tulishamaliza suala la makofi. ("Hiyo kola ya kwenye picha. Nimeishona mimi kwa mkono, cherehani ilikuwa mbovu. Huyo ni binti yangu. Bosi, geuza karatasi.")

(Anageuza. Anaisogeza karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu. Ukumbi wote unamwona anasoma. Saa inasema saa kumi kasoro dakika ishirini.)

Ndugu wadau, kumejitokeza jambo la kiufundi. Waraka huu, ambao upande wake wa mbele una hotuba, kwa upande wake wa nyuma una barua, na barua hiyo inaonekana, kwa tathmini ya awali, kuwa ya chuo cha uuguzi, imesainiwa, imepigwa mhuri, na sahihi ni yangu. Katibu muhtasari, hotuba hii umeichapa kwenye karatasi gani? (Hapa ananitazama mimi. Nasimama. Namjibu mbele za watu kama alivyouliza mbele za watu: "Bosi, karatasi za ofisi ziliisha. Ukaniambia nichape nyuma ya zilizokwisha maliza kazi. Nikauliza zipi. Ukaninyooshea kidole kwenye trei." Nakaa. Naendelea kunakili.)

Tusitafute mchawi. Nilisema kiende, na barua imekwenda: imetoka mezani kwangu, imepita kwa katibu, imepita kwenye mashine ya kuchapa, imefika ukumbini. Hiyo ni safari. (Mlinzi: "Safari ya ngazi mbili.") Sasa kuhusu mama huyu kupewa barua, utaratibu upo wazi. Ukurasa wa tisa kwa wakati huu ni mali ya hafla. Ili utoke, panahitajika maombi ya maandishi, yaende masijala, yapewe namba, yaje kwangu, niyasaini, niyaweke kwenye... (Ukumbi unamsaidia kwa pamoja: "Trei.") Niyaweke mahali husika. Vilevile nimebakiza aya mbili upande wa mbele, zinazohusu utoto wangu.

(Simu inaita. Mama anaipokea, kidole kinagusa kitufe cha sauti kubwa, ukumbi mzima unamsikia binti: "Mama, mbele yangu wamebaki watatu. Yule wa dirishani anasema bila barua nisisogee. Niwapishe?" Mama anamwangalia Mkurugenzi. "Usimpishe mtu," anasema kwenye simu.)

(Mzee tarishi amesimama. Anakuja mbele kwa mwendo wake wa siku zote, si wa haraka, si wa polepole, kitabu kwapani.) Mzee, sijakuita. (Tarishi: "Najua, bosi. Lakini huku hakuna zulia.") (Anashika pembe moja ya ukurasa wa tisa. Mkurugenzi ameshika pembe nyingine.)

Mzee wangu, itachanika. (Tarishi: "Ukiachia haichaniki.") Nisome aya mbili tu, ni fupi. (Picha ya msichana inamtazama kutoka kwenye pini yake.) Ndugu wadau, niseme jambo ambalo halimo kwenye hotuba. Mimi mwenyewe nasubiri barua mwaka wa tisa. Kila asubuhi, kabla sijavua koti, naangalia mezani. Najua kusubiri barua kulivyo. (Anaachia.)

(Tarishi anafungua kitabu, anaandika mstari, anampa Mkurugenzi kalamu, Mkurugenzi anasaini. Mama: "Mzee, mguu wangu haukimbii. Nenda wewe." Tarishi: "Nakatiza nyuma ya karakana. Mwambie binti asitoke dirishani." Anaondoka. Mlangoni anakunja suruali mara mbili. Hatujawahi kumwona anakimbia, leo tumemwona. Saa kumi kasoro dakika kumi na tatu.)

Naomba utulivu, hotuba inaendelea kwenye ukurasa wa kumi. Ukurasa wa kumi unasema... (Nesi wa zahanati amekwisha fika mimbarini. "Bosi, nipe wa tano. Chanjo zangu zinalala kwenye ndoo ya barafu.") Ukurasa wa tano nimekwisha kuusoma, hauna matumizi, chukua. (Mlinzi: "Na wa pili, mheshimiwa, wa likizo.") Wa pili nao chukua, japo nasikitika, ulikuwa na utangulizi mzuri. (Wanapanga foleni. Karani wa masijala, bila kuambiwa, anavuta meza, anafungua kitabu na kuanza kuwasainisha mmoja mmoja. Mwalimu mstaafu anapokea ukurasa wa sita, anaukagua pande zote mbili: "Barua yangu ina kosa moja. Hotuba yako ina saba.") Mnaniacha bila takwimu, ndugu zangu. Wa saba usiukunje, dada, una jedwali. Haya, nenda nao. (Katika dakika kumi anahudumia watu tisa. Naandika hili kwa sababu ni rekodi ya ofisi.)

(Saa kumi kasoro mbili. Simu haijaita. Mama amekaa, utepe wa kupimia ameuzungusha mkononi mpaka vidole vimepauka. Mkurugenzi amesimama mimbarini, naye haongei, na hiyo peke yake inatutia hofu.)

(Saa kumi kamili. Simu inaita. "Mama. Amefika. Alipitisha mkono juu ya kichwa changu akaiweka dirishani, yule dada alikuwa ameshika kitasa anafunga. Wamepiga mhuri. Mama, jina langu liko kwenye orodha." Mama analia kwa sauti, bila kujificha, na nesi anamshika bega. Binti anaendelea: "Wanauliza hii hotuba ya nyuma ni ya nini." Mama anapangusa uso. "Waambie wasiisome, mwanangu.")

(Ukumbi unapiga makofi mpaka vumbi linashuka kwenye feni. Mkurugenzi anapokea makofi hayo kwa kupunga mkono.)

Ndugu wadau, ushahidi ukiwa wa moto hivi, kiongozi makini hanyamazi. Waraka umetoka mimbarini hapa hadi chuoni kwa dakika kumi na tatu, na natamka rasmi kwamba hayo ni matokeo ya kwanza ya MJUKUNYAKA, awamu ya majaribio. (Zomeazomea ya upole.) Nimebakiwa na ukurasa mmoja, wa kumi na moja, wa kaulimbiu na shukrani. Mimi nikisema Tuma, nyinyi mtaitikia Imekwenda. Tuma. (Ukumbi: "Ifike.") Kaulimbiu iliyoidhinishwa na kamati ni Imekwenda. Tuma. ("Ifike.") Basi, kaulimbiu imefanyiwa maboresho shirikishi.

Napenda kutoa shukrani zangu za dhati kwa shule ya jirani, iliyotuazima kitambaa chekundu. Kwa fundi seremala, aliyetuazima kabati lililomo ndani ya kitambaa hicho, na ambaye naona amekuja kulichukua. (Seremala, akivuta kitambaa: "Nina mteja saa kumi na moja, bosi." Ni kabati la nguo. Mlango mmoja bado haujapigwa rangi.) Linapata joto likikaa juani, sikudanganya. Nawashukuru waliotoa utepe, ambao hatukuukata, kwa hiyo urudi kwao mzima. Na kwa namna ya pekee kabisa nawashukuru wafadhili wetu, ambao kwa moyo wao wa ukarimu waliipokea barua yetu ya kuomba mradi huu, wakaikubali, wakatuletea mtambo, wakatuma wataalamu, na... (Anasita. Mwanga wa dirishani unapita kwenye karatasi nyembamba, na maandishi ya nyuma yanaonekana mbele. Anageuza ukurasa wa kumi na moja. Anasoma kimyakimya, midomo inacheza.)

Ndugu wadau. Naomba nisome kilichopo, ili kumbukumbu zikae sawa. "Kwa wafadhili. Kuhusu maombi ya Mradi Jumuishi wa Kutuma Nyaraka kwa Kasi." Sahihi ni yangu. Mhuri upo. Tarehe ni ya miezi minane iliyopita, kwa hiyo nadhani hii ndiyo barua ya kwanza kabisa niliyoiweka kwenye ile trei. (Anacheka kwanza mama fundi, machozi bado yako mashavuni, na baada yake wote.) Kwa hiyo shukrani zangu kwa wafadhili naomba zihesabiwe kuwa zimetolewa mapema. Nawashukuru kwa kunisikiliza.

(Watu wanatoka. Mzee tarishi anaingia, suruali bado imekunjwa, anahema, anakiweka kitabu mbele ya Mkurugenzi na kumwonyesha mstari wenye mhuri wa chuo: imepokelewa. Mkurugenzi anapitisha kidole juu ya mhuri.)

Mzee wangu, kazi nzuri. Sasa, kama hujachoka sana, kuna hii moja nyingine, ya wafadhili. Naomba unipelekee.

(Tarishi anakunjua suruali, mguu mmoja, kisha wa pili. "Iweke kwenye trei, bosi.")